Vitunguu vya Waliochelewa

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Mama Mboji alisimama kwenye kona ya ghala la majembe, akalitazama geti la shule na kuomba watoto wachelewe. Hakuomba kwa sauti, maana alikuwa mwalimu na ana heshima zake, lakini aliomba. Wakichelewa wachache, moyo ulimshuka. Wakichelewa wengi, hasa siku za mvua, alishusha pumzi na kujisemea, "Afadhali. Leo mahindi yatapaliliwa."

Usimcheke. Shamba la shule lilikuwa kubwa, na yeye alikuwa mmoja. Kibarua aliyekuwapo aliondoka zamani, na kila Mama Mboji alipouliza habari za mwingine aliambiwa avute subira. Aliivuta mpaka ikamkatikia mkononi. Shule nayo ikajiwekea utaratibu: anayechelewa, anayepiga kelele darasani, anayekutwa hana tai, wote ni wa shambani. Mwalimu wa zamu anawapanga mstari, anamkabidhi Mama Mboji, na Mama Mboji anawagawia majembe. Kila mtu aliridhika na mpango huo, isipokuwa shamba lenyewe.

Maana kazi ya adhabu ina sura yake, na aliyewahi kuifanya anaijua. Mtoto aliyepewa jembe kwa kosa hapalilii, anafukia. Anakwangua udongo juu juu, analaza magugu kama mgonjwa kitandani, anayafunika vizuri, kisha anasimama akiegemea mpini mpaka muda uishe. Baada ya siku chache magugu yanaibuka yamenawiri kuliko mwanzo, kama yametoka likizo. Mama Mboji alikuwa anayajua yote hayo. Alikuwa akipita nyuma yao jioni, peke yake, akiyang'oa yaleyale yaliyofukiwa asubuhi.

Jina lake la utani lilitokana na lundo la mboji lililokuwa nyuma ya banda la kuku. Alilipindua kwa uma kila wiki na kulimwagia maji, na lilipoiva alilichota kwa viganja na kulinusa kama mtu anayenunua unga mzuri. Waliombandika jina hilo walimaliza shule zamani, wengine sasa ni wazazi wenye vitambi, lakini jina lilirithiwa mwaka hadi mwaka pamoja na madawati mabovu. Hakulichukia. Kilichomchoma ni maneno ya dirishani. Ukuta wa darasa la kwanza kabisa ulipakana na matuta ya mchicha, na siku moja alipokuwa ameinama pale alimsikia mwalimu wa hesabu akifoka ndani, "Msiposhika hizi hesabu mtaishia na jembe!" Darasa lilicheka. Kisha mtoto mmoja akatazama nje, akamwona Mama Mboji na jembe lake, na kicheko kikafa ghafla. Hicho kimya kilimuuma kuliko kicheko.

Mgongo nao ulikuwa umeanza kumsema. Asubuhi hakuamka tena mara moja kama watu wengine. Aliamka kwa awamu: kwanza ubavu, halafu kiwiko, halafu mguu mmoja chini, halafu maombi mafupi, ndipo anasimama. Mumewe, fundi seremala mwenye karakana yake palepale mbele ya nyumba, alimpaka dawa ya kuchua kila usiku kwa mikono iliyojaa vumbi la mbao.

"Mama, unanukia kama duka la dawa," alimtania.

"Na wewe unanipaka au unanipiga randa?"

"Ningekuwa na uwezo ningekutoa huo mgongo nikakuwekea wa mninga."

Walicheka, lakini yeye alicheka kwa tahadhari, kwani hata kicheko kilimfika kiunoni.

Basi Jumatatu moja Mkuu wa shule akamwita ofisini. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutafuta amani, na watu wa namna hiyo huchosha kwa njia yao.

"Mwalimu, mtunza maktaba wetu anastaafu," alisema. "Kile kiti ni chako, ukikitaka."

Mama Mboji alikifahamu kile kiti. Kilikuwa na mto, kilizunguka, na mgongoni kiliinama kidogo kumpokea mtu. Chumba chenyewe kilikuwa na kivuli na feni. "Na shamba?" aliuliza.

Mkuu alikuna kidevu. "Nimewauliza walimu wote, mmoja mmoja. Kila mmoja ananiambia jembe alilishika shuleni kwa adhabu, likamtosha. Ukitoka wewe, Mwalimu, itabidi tumkodishie fundi matofali. Amekuja mara mbili kuutazama ule udongo. Anausifu sana."

"Lazima ausifu. Nimeulisha miaka yote hii."

"Sikulazimishi. Fikiria, uniletee jibu Alhamisi asubuhi."

Alitoka pale na mambo mawili kifuani, na tuseme ukweli, yalipigana. La kwanza ni kwamba alikitaka kile kiti. Alikitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, bila aibu. La pili ni lile tanuru la matofali. Udongo mweusi aliouanza ukiwa mwekundu na mgumu kama kigae, uchimbwe, ufinyangwe, uchomwe, uishie ukutani kwenye choo cha mtu! Lakini mtu aliyechoka hupiga hesabu zake kwa kutumia mwili, na mwili wake ulikuwa umeshapiga kura. Mpaka anafika nyumbani alikuwa ameamua. Angewasimamia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wahamishe miche yao ya vitunguu kutoka kitaluni hadi kwenye matuta, maana msimamizi wa mtihani angekuja kuyakagua matuta hayo na kuwapa alama. Baada ya hapo, kwaheri jembe.

Mumewe alifurahi mpaka akaacha kazi ya mtu mezani. Jioni ileile alichagua kipande cha mbao kilichobaki kwenye kabati la mteja, akaanza kukipima.

"Unatengeneza nini?"

"Kigoda cha kuwekea miguu. Kiti cha ofisini bila pa kuweka miguu ni mateso mengine. Nataka ukae kama mke wa waziri."

Jumatano waliochelewa walikuwa wengi, tena wote wa mwaka wa kwanza, maana mvua ya alfajiri ilikuwa imeharibu njia. Mwalimu wa zamu aliwaleta mwenyewe. Huyo alikuwa yuleyule mwalimu wa hesabu, kijana nadhifu ambaye wanafunzi walimwita Kengele kwa sababu hakuwahi kukosea dakika hata moja. Alimwachia Mama Mboji mstari wa watoto walioloa, viatu vimejaa tope, akarudi zake darasani.

Mama Mboji hakuwapa majembe. Kitalu cha vitunguu kilikuwa kimevamiwa na nyasi, na jembe halifai kitaluni. "Palilieni kwa mikono," aliwaambia. "Majani yote yang'oeni, mboga ziacheni. Msifukie! Leo nataka kuona lundo." Siku nyingine angebaki nao, anyooshe kidole, afoke kidogo. Lakini usiku uliotangulia mgongo haukumpa nafasi ya kulala. Aliingia ghalani, akageuza ndoo, akaketi, akaegemea magunia. Alisema atafumba macho kidogo tu. Usingizi wa uchovu haubishi hodi.

Kilichomwamsha ni sauti nyembamba mlangoni. "Mwalimu, tumemaliza. Hatujafukia hata moja."

Aliyesimama pale alikuwa msichana mdogo ambaye wenzake walimwita Sweta, kwa vile alivaa sweta la kaka yake lililomfika magotini, mikono ameikunja mara nne. Alikuwa anatabasamu. Nyuma yake wenzake wote walikuwa wanatabasamu. Mama Mboji hakukumbuka lini mara ya mwisho aliona watoto wa adhabu wakitabasamu, na hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Kitalu kilikuwa safi ajabu. Hakuna unyasi hata mmoja. Mimea yenye majani mapana, mizuri, ya kijani, ilikuwa imesimama kwa kupeana nafasi, na mtu alikuwa ameimwagilia maji kila shina. Ilikuwa ni mchicha pori, magugu matupu, yale anayoyang'oa kila jioni. Na pembeni, kwenye lundo kubwa lililopangwa kwa uangalifu, nyasi na miche ya vitunguu vilikuwa vimelala pamoja, vyembamba vyote, vya kijani vyote, huwezi kujua kipi ni kipi.

"Mboga zote tumeziacha," alisema Sweta.

Mama Mboji aliketi chini, palepale kwenye tope. Kisha akalipuka. "Ninyi watoto! Macho mmeyasahau nyumbani? Vitunguu vya watu wa mtihani hivi! Wenzenu wamelala na kuamka na hivi vitunguu! Mmeng'oa chakula mkamwagilia magugu!"

Tabasamu zilifutika. Mmoja akaanza kulia. Kelele zile zilimfikia Kengele, naye akaja mbio, akatazama kitalu, akatazama lundo, akauliza kimetokea nini. Alipoelezwa alitikisa kichwa.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Msijali, Mwalimu. Hawa nitawaongezea. Wiki nzima nyingine, shambani."

Mama Mboji alimwangalia. "Unasemaje, mwanangu?"

"Wameharibu shamba. Adhabu yao ni shamba. Au siyo?"

Maneno yale yalimzunguka kichwani kama nzi ndani ya chupa. Ndipo Sweta aliposema, kwa heshima, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola ya sweta, "Samahani, Mwalimu. Kitunguu kikiwa kidogo kinakuwaje?"

"Kilimo mtasoma mwaka wa tatu," alijibu Mama Mboji kwa ukali, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyosema.

"Lakini huku tunaletwa kila siku. Tunaletwa tukikosea. Hakuna aliyetuonyesha."

Kengele alifungua mdomo amkaripie. Mama Mboji aliinua mkono kumzuia. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe: majani yote yang'oeni, mboga ziacheni. Watoto walikuwa wametii. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kupokea waliochelewa, watoto walikuwa wamefanya kazi kwa moyo, bila kufukia, bila kuegemea mpini, na wamefanya kwa ujinga wasioutafuta. Na yeye, mwalimu wa kilimo, kila asubuhi amekuwa akiomba wachelewe ili apate mikono. Mikono aliipata. Vichwa hakuwahi kuviuliza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Njoo hapa," alimwambia Sweta. Alichomoa jani moja kwenye lundo. "Vunja. Nusa."

Sweta alivunja, akanusa. "Linanuka jani tu."

"Na hili?"

Msichana alilivunja la pili, akalipeleka puani, na macho yakamtoka. "Kitunguu!"

"Basi ndiyo hivyo. Macho yatakudanganya, pua haidanganyi. Nyasi ni bapa, kitunguu ni mviringo kama mrija, lakini kikiwa kichanga hivi hata mimi hukosea. Nusa." Somo zima lilikuwa hilo, lisingeijaza hata dakika moja, na shule nzima ilikuwa imelihifadhi mpaka mwaka wa tatu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini vitunguu si maji. Mche wa kitunguu hung'olewa hata hivyo ili uhamishwe, na mizizi ya lundo lile ilikuwa bado na unyevu. "Mtachambua," alisema. "Mmoja mmoja. Kitunguu huku, nyasi kule. Mikia ya mizizi msiikate. Vingine vitakufa, nawaambia mapema ili msije mkanililia." Watoto walichuchumaa kulizunguka lundo na kuanza kunusa. Ukiwaona ungedhani wameshikwa na mafua wote kwa pamoja. Mmoja alipokosea wenzake walimrudishia jani: nusa tena wewe, pua yako ina tope!

Kengele alitazama saa. "Mwalimu, muda wa adhabu umekwisha. Wana kipindi changu sasa."

Watoto hawakuinuka.

"Nimesema waende darasani."

"Wakimaliza," alisema Mama Mboji. "Hii siyo adhabu tena."

Kengele alisimama kidogo. Kisha, kwa vile alikuwa kijana mzuri chini ya unadhifu wake wote, aliokota jani moja, akalivunja na kulinusa kwa siri akidhani hakuna anayemwona.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuja wakati wa mapumziko, wakapiga yowe, wakataka kupiga watu. Mama Mboji aliwazuia, na mwishowe wenyewe ndio waliochimba vishimo vya kurudishia miche, wakinuna. Watoto wa mwaka wa kwanza walipanda nyuma yao, wakafunika kitalu na nyasi kavu zipate kuzuia jua. Mchicha pori ulikwenda kwenye lundo la mboji.

Usiambiwe kwamba alirudi nyumbani ameshinda. Alirudi akiburuta mguu. Mumewe alipomchua alilia kimyakimya, uso ukiwa umezama kwenye mto, na alipoulizwa alisema ni dawa inamuunguza. Baadaye akasema kweli. "Nimechoka, baba. Vitunguu vipone visipone, mimi nimechoka. Kesho nampa Mkuu jibu."

"Sawa mama."

"Siku moja nzuri haiponyi mgongo."

"Sijakubishia," alisema mumewe, akaenda kukipaka kigoda vanishi ya mwisho.

Alhamisi alifika mapema, kigoda amekifunga kwa gazeti, amekikumbatia ubavuni. Alikuwa ameyapanga maneno yake: Mkuu, nashukuru, nimekubali. Alikuwa anayarudia taratibu alipopita kwenye ukuta wa nje wa shule, na hapo akaona mikoba. Nyuma ya ukuta, mahali ambapo mtu wa getini hawezi kuwaona, watoto walikuwa wamechuchumaa wakinyamaza. Wengi. Aliwatambua wa jana, na wengine hakuwatambua kabisa. Katikati yao lilikuwapo sweta.

"Mnafanya nini hapa?" aliuliza. "Kengele bado haijalia. Ingieni."

Hakuna aliyesogea.

"Mmekuwa viziwi? Mmewahi, ingieni ndani!"

Sweta alisimama, akavuta mikono ya sweta. "Tunangoja ilie, Mwalimu."

"Ili iweje?"

"Ili tuchelewe."

Mama Mboji hakuelewa, kisha akaelewa.

"Tukiwahi tunapelekwa darasani," alieleza Sweta taratibu, kama anayemfundisha mtu mzima jambo rahisi. "Shambani wanaenda waliochelewa tu. Na vitunguu vyangu viko upande wa juu, Mwalimu. Nataka kuona kama vimeamka."

Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimpotea. Alisimama na kigoda chake ubavuni, na machozi yakamjaa, na nyuma ya machozi ikaja hasira, kwa sababu alijua palepale kwamba kile kiti chenye mto kimemponyoka. Mgongo ulimuuma, kama nao umesikia. Miaka yote hii mlango wa shamba lake ulikuwa mmoja tu, mlango wa kukosea, na watoto hawa walikuwa wameukubali ulivyo na kupanga foleni.

"Nisikilizeni," alisema. "Kuanzia leo, atakayechelewa hakanyagi shamba langu. Hata unyayo. Nitakayempokea ni aliyewahi."

Waliangaliana. Kisha mikoba ikanyakuliwa, na kundi zima likaruka kuelekea getini kama kuku waliofunguliwa banda. Kengele, aliyekuwa amesimama pale na chuma cha kugongea kengele mkononi akingoja dakika yake, alirudi nyuma kuwapisha.

"Kuna nini? Moto?"

"Wamewahi," alisema Mama Mboji alipomfikia, akihema.

Kijana alielezwa, akakunja uso. "Sasa waliochelewa niwapeleke wapi?"

"Hilo ni lako, mwanangu. Kwangu siwapokei."

Mkuu alikuwa kwenye kibaraza cha ofisi yake, kikombe cha chai mkononi, akimngoja. Mama Mboji hakupanda ngazi. Alisimama chini, akamsalimu vizuri, kisha akasema, "Maktaba mtafutie mwingine, Mkuu. Na fundi matofali mwambie akachimbe kwao."

"Na mgongo, Mwalimu?"

"Huo ninao, siendi nao popote."

Kitaluni, watoto walikuwa tayari wameinua nyasi kavu na kuchungulia. Miche mingi ilikuwa imelala, imenyauka, haina matumaini. Mingine ilikuwa imeinua ncha zake. Sweta alikuwa ameinamia upande wa juu, akiigusa mmoja mmoja kwa kidole. Mama Mboji alilifungua gazeti, akakiweka kigoda cha mumewe katikati ya matuta mawili, akakikalia polepole, mkono mmoja kiunoni, na watoto wakamzunguka kabla kengele haijalia.